Chumvi Katika Aiskrimu ya Ushindi

Mbeya, Jumapili alasiri

Mwanangu Zena,

Salamu tulipeana asubuhi kwenye chai, kwa hiyo hapa naziruka. Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za mtu wa kukupokea Dodoma kabla hujapanda treni ya Tabora. Shangazi yako amekuambia habari za wanaume, na kwa jinsi mlivyokuwa mnacheka, nadhani hakuacha kitu. Mimi wameniachia karatasi. Nimefunga mlango wa mgahawa, nimewaambia wateja leo hakuna chai wala aiskrimu, nimekaa meza ya dirishani. Mvua inanyesha mlimani lakini hapa bado.

Nataka kukueleza habari za siku niliyokunyang'anya bakuli.

Unaikumbuka. Hujawahi kuitaja, nami sijawahi, lakini miaka minane tumeishi nayo nyumba moja kama mgeni asiyeondoka. Sehemu ya mwanzo uliiona kwa macho yako, ingawa ulikuwa na miaka kumi na macho yalikuwa yamejaa machozi. Sehemu ya pili huijui. Kuna mtu Iringa anayeijua, na ameniapia kwamba atakueleza basi litakapofika pale kulala. Nimeona ni bora uisikie kwangu, hata kama kuisikia kwangu hakutakuwa kutamu zaidi.

Wakati ule nilikuwa mpishi katika hoteli ya Wazungu pale Iringa, ile yenye baraza ya mawe. Mwenyewe tulimwita Bwana Mluzi. Jina lake la kwao silitaki katika karatasi yangu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na desturi ya kumwita mtu jina. Akimtaka mpishi, mluzi mmoja mrefu. Akimtaka mhudumu wa meza, miluzi miwili mifupi. Akimtaka mbwa wake, mitatu. Mgeni akishangaa, yeye hucheka na kusema hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukosea.

Hoteli ile ilijulikana jimbo zima kwa aiskrimu. Mzungu akishinda tenisi, aiskrimu. Mtoto wao akifaulu mtihani, aiskrimu. Mke wa mkulima wa chai akijifungua salama, mumewe anafika na gari limejaa matope, anaagiza aiskrimu kwa kila aliyepo barazani. Mtengenezaji alikuwa mimi. Unachemsha maziwa na mayai na sukari, unayapoza, unayatia katika mkebe mrefu wa bati wenye kifuniko. Mkebe unakaa ndani ya ndoo ya mbao, na kuuzunguka unapanga mabonge ya barafu na chumvi ya mawe, kwa maana chumvi ndiyo inayofanya barafu iume zaidi. Halafu unazungusha mkono wa chuma mpaka bega linakataa. Furaha zao zote zilipita katika bega langu hili la kulia, na mimi sikupata zaidi ya kijiko cha kuonja, tena nimesimama.

Basi ikaja sikukuu ya serikali, na michezo uwanjani kwa shule zote, za Wazungu, za Wahindi na zetu. Bwana Mluzi alisimama mbele ya watu, akasema jambo kwa Kiingereza, na karani wa boma akatafsiri: kila mtoto atakayeshika nafasi ya kwanza, akale aiskrimu hotelini kwake, bure. Labda yeye alikuwa na watoto fulani kichwani. Lakini karani alisema kila mtoto, na uwanja mzima ulipiga makofi.

Ukashinda. Miguu mitupu, gauni la shule, utepe umekudondoka njiani, umewaacha wenzako kama wamesimama. Sikuwapo, nilikuwa jikoni nazungusha ndoo, lakini Chengula alikuja mbio kuniambia. Petro Chengula, yule mhudumu wa meza, unamkumbuka; Mhehe wa Kihesa, mrefu, aliyezoea kukuletea miwa. Akaingia jikoni anahema kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia. "Baba Zena! Mtoto wako amewafunga! Amewafunga wote!" Nikachukua bakuli la kioo, la wageni, nikalijaza mpaka likafanya kilima.

Nilikuletea mwenyewe. Ulikuwa umekaa barazani na washindi wengine, Wazungu wanne na Mhindi mmoja, miguu yako haifiki chini. Ulikuwa umechota kijiko cha kwanza na hakijafika mdomoni. Nikasikia mluzi mmoja mrefu.

"Mpishi! Toto ya nani hii?"

"Ni mtoto wangu, bwana. Ameshinda mbio."

"Toa."

"Bwana ulisema kila mtoto ambaye—"

"Mimi nasema toa. Yeye nataka kula, nakula huko jikoni, bakuli ya bati."

Wageni waligeuza viti kututazama. Mwanangu, watu wengi wangekuambia hapo waliogopa kupoteza kazi. Mimi pia niliogopa. Lakini nimelifikiri jambo hili kwa miaka minane, na ukweli ni mbaya kuliko woga. Mikono yangu ilikuwa imezoea. Ilisikia mluzi, ikaenda. Hukuliachia bakuli. Vidole vyako vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo, nami nikavibandua kimoja kimoja, kama mtu anavyobandua kupe. Ukaniambia polepole, kama unanikumbusha kitu nilichosahau, "Lakini baba, nimeshinda."

Bwana Mluzi akaonyesha chini kwa kidevu, pale mbwa alipolala. Nikaliweka bakuli chini. Mbwa alilamba lote.

Aliyekushika mkono na kukuondoa pale alikuwa Chengula. Kulikuwa na ngazi za mbele na ngazi za nyuma, na sisi watu wa kazi tulipita za nyuma. Chengula alikupitisha za mbele, katikati ya meza, polepole, mkono wake mmoja begani kwako, na hakumtazama mtu. Bwana Mluzi alipiga miluzi miwili. Chengula hakugeuka mpaka mlipofika barabarani. Kwa hilo alipigwa faini, na hakuwahi kulisema.

Mimi nilirudi jikoni nikaendelea kuzungusha.

Tangu siku ile nilikuwa na kisasi kama mtu mwenye jino bovu, ulimi haukomi kulifuata. Nilipika nacho, nililala nacho, nilikwenda nacho msikitini na kurudi nacho. Nilifikiria nikiitia moto hoteli yake. Nilifikiria gari lake likitumbukia bondeni. Nilikuwa nikikata nyama namwona yeye. Imamu alisema jambo la subira, nikamwona hajui anachosema. Na wewe nyumbani ulikuwa umenyamaza. Ulikuwa ukinijibu "ndiyo baba" na "hapana baba", basi. Kila "ndiyo baba" ilikuwa inaniongezea kuni.

Mwisho niliona kwamba moto na ajali si vyangu. Yule bwana alikupiga pale ulipokuwa na furaha. Mimi nilitaka nimpige palepale, katikati ya furaha yake, mbele ya watu wake, na mdomoni.

Nafasi ilikuja baada ya miezi mingi. Bwana Mluzi alikuwa mcheza tenisi, na kwa miaka alikuwa akitafuta kombe walilokuwa wakishindania Wazungu wa Iringa na wa Mbeya. Mwaka ule alilipata. Akatangaza karamu. Alialika wakulima, mapadri, maofisa wa boma, na mkubwa wa jimbo mwenyewe na mkewe. Kombe likawekwa katikati ya baraza juu ya kitambaa cheupe, na ikaagizwa aiskrimu ya kutosha watu sitini. Alikuja jikoni kunipa amri, na kwa mara ya kwanza alinichekea. Akasema, "Leo nataka tamu sana, mpishi."

Nilikuwa na nyama mbili motoni, kwa hiyo nilimwomba Chengula anisaidie kuzungusha. Akavua koti lake jeupe, akazungusha saa nzima huku akiniimbia wimbo wa kwao wa kuvuna ulezi. Ilipoganda, akaukandamiza mkebe, akafunga kifuniko kwa ngumi mbili, nikamsikia: du, du. Akavaa koti, akaenda kupanga meza.

Nilibaki peke yangu. Ndani ya ndoo barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji ya chumvi yamejaa, mazito, ya baridi ya kuunguza. Nikafungua kifuniko. Nikateka maji yale kwa kata, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikayamimina ndani, nikakoroga kwa mwiko mpaka yakapotea. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Kula, bwana. Umeshinda."

Ningekuwa mwongo nikikuambia sikufurahi. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango na niliona kila kitu. Mkubwa wa jimbo alitia kijiko kikubwa mdomoni, akatulia, halafu akatema katika leso. Mkewe akaweka mkono mdomoni akakimbilia ukingo wa baraza. Mtu mmoja akacheka. Halafu watu walicheka wengi, na Bwana Mluzi alikuwa amesimama kando ya kombe lake, na mashavu yalimgeuka rangi ya nyama mbichi. Nilijisikia nimeshiba kama mtu aliyekuwa hajala mwaka mzima. Nilijiambia: hiyo ni ya Zena.

Halafu akaingia jikoni. Hakupiga mluzi. Alikuja yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani nazungusha hii?"

Chengula alikuwa ameingia nyuma yake na sahani. Hakufikiri hata kidogo. "Mimi, bwana."

"Wewe nafunga hii?"

"Mimi, bwana. Nilifunga vizuri."

Bwana Mluzi akanigeukia mimi. Akaniuliza mimi, mpishi, mjuzi wa ndoo ile. Yalikuwa yanatosha maneno mawili. Yalikuwa yanatosha hata kunyamaza. Chengula alinitazama bila wasiwasi, kama mtu anayemngoja shahidi wake aseme. Nikasema, "Nadhani kifuniko hakikukaza, bwana. Maji ya chumvi yameingia."

Nililisema hilo, Zena. Hakuna aliyenilazimisha.

Alimpiga kofi Chengula mpaka sahani ikaanguka. Akamfukuza saa ile ile, na akaandika kwa wino mwekundu katika kipande chake, ile karatasi ya kuombea kazi, kwamba ni mtu mzembe asiyefaa kuajiriwa. Kipande chenye wino ule hakuna Mzungu angekipokea, wala Mhindi. Chengula aliokota vipande vya sahani kwanza, akavitia katika pipa. Kisha akavua lile koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia nyama. Alikitazama kifuniko pale kilipokuwa, akanitazama mimi. Akasema kile wasemacho kwao wanapokutana na wanapoagana, "Kamwene," akatoka.

Nyumbani nilimwambia mama yako tumbo linanisumbua, nikaenda chooni nikacheka. Ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka kwanza. Mengine yalikuja baadaye, na yalipokuja nilikuwa na majibu yake tayari: Chengula ana shamba, mimi sina. Chengula yuko kwao, na mimi babu yangu aliletwa huku na misafara ya watu wa pwani, nikifukuzwa nitakwenda wapi? Chengula watoto wake bado wadogo, hawaelewi. Nilikuwa na majibu mengi kuliko maswali.

Miezi mitatu baadaye tulihamia Mbeya. Ulidhani ni kwa sababu ya mjomba wako. Ni kwa sababu nilichoka kupita Kihesa.

Mgahawa huu niliufungua kwa kisasi pia, usidanganyike. Nilinunua jokofu la mafuta ya taa kwa Mgiriki aliyekuwa akirudi kwao, nikapata ndoo, nikasema sasa nitawaonyesha. Watu walinicheka. Wasafwa waliokuwa wakishuka na viazi mwezi wa sita, wamejifunga mablanketi mpaka masikioni, walikuwa wakichungulia mlangoni na kuulizana, "Huyu Mswahili amerukwa? Baridi ya bure ipo nje, yeye anauza nyingine!" Lakini siku moja vijana wa mpira wa hapa mjini waliwafunga wa Tukuyu, wakaja wote kumi na mmoja na matope yao, nikawakalisha mbele, barazani, kwenye viti, na mabakuli ya kioo. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Timu ikishinda, hapa. Karani akipandishwa cheo, hapa. Mama akitoka hospitali na mtoto, hapa. Yule mzee Mnyakyusa aliyejifunza kusoma na miaka yake sitini, alipoandika jina lake mara ya kwanza, alikula mabakuli matatu, akaugua koo, akarudi wiki iliyofuata.

Kila bakuli nililolipeleka pale mbele nilikuwa nikisema moyoni, tazama, Bwana Mluzi. Wewe ulinitenga na meza, mimi nimepanga meza yangu. Watu walidhani mimi ni mtu wa furaha. Nilikuwa nikimpiga mtu mmoja kila siku, na mtu mwenyewe hayupo.

Na wewe hukula. Miaka yote hii, mtoto wa mwenye aiskrimu, hata kijiko. Nikawa nakuambia, "Zena, hata kuonja?" Unasema, "Sitaki, baba. Meno." Meno yako ni mazima kuliko ya simba.

Halafu ukashinda tena, mwaka juzi, mbio za shule za jimbo zima, hapa Mbeya. Mliingia hapa wasichana wote, walimu, watu wamejaa mpaka barabarani. Nikajaza bakuli. Nililijaza kama la siku ile, kilima, nikalileta mbele yako mwenyewe, na nilidhani leo jambo limekwisha. Ulilipokea. Ulisimama. Ukalirudisha mikononi mwangu mbele ya watu wote, ukasema kwa upole, "Lichukue, baba. Wewe unajua kuchukua."

Wenzako walidhani ni utani wa baba na mwana, wakacheka. Nami nilicheka. Nilikwenda nalo jikoni nikaegemea jokofu. Mwanangu, nimepigwa kofi na Wazungu wawili katika maisha yangu na sikuwahi kuumia vile. Wala sikukasirika. Nilijisemea, huyu ni damu yangu kabisa. Amengoja miaka sita, na amepiga pale pale penyewe.

Sijakuambia hilo ili uone haya. Ulikuwa na haki. Nimekuambia ili ujue kwamba lilifika.

Mwaka jana dereva wa lori aliniletea habari kwamba Bwana Mluzi ameuza hoteli na kuhamia kusini, Rhodesia. Nikamwuliza kama anazungumza lolote juu ya karamu ya kombe. Dereva akacheka, akasema oh, anaihadithia kila mahali, habari za mhudumu wake mjinga aliyesahau kufunga kifuniko. Nilikaa chini. Hakujua! Niliweka kisasi miezi na miezi, nikakipika vizuri, nikakiandaa, na yeye alikula akatema bila kujua nani kampikia. Hata jina langu halimo katika hadithi yake. Aliyelipa ni Chengula peke yake. Nilikuwa na hasira, na nakuambia kweli, hasira yangu ya kwanza haikuwa kwa ajili ya Chengula. Ilikuwa kwa sababu nilitaka yule bwana ajue ni mimi.

Wiki tatu zilizopita, wewe na mama yako mlikuwa sokoni, mtu aliingia hapa na kikapu cha nyanya. Amekonda, nywele nyeupe. Sikumtambua mpaka alipoinama kupita mlangoni, maana kwa urefu wake ilimbidi ainame.

"Kamwene, Baba Zena."

"Kamwene," nikasema. Nikavuta kiti. Nikamwuliza habari za nyumbani, kama mjinga. Akasema analima nyanya Ilula, anauza kando ya barabara kwa wasafiri, nyumba yake bado iko Kihesa. Nikasema nitamletea chai. Akasema hakuja kunywa chai.

"Nimesikia binti anakwenda kusomea ualimu."

"Ndiyo, Mungu akipenda. Wiki tatu hivi."

"Vizuri. Alikuwa na mbio yule mtoto." Akaweka mikono yake mezani. "Kifuniko nilikifunga, Baba Zena."

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza.

"Nilijua siku ile ile. Kwa chumvi ile mimi sikukuchukia. Ungeniambia, ningekushikia kata. Nilikuwapo barazani siku ya mtoto, niliona. Lakini lile neno lako. Lile neno."

"Chengula, nilikuwa na mke na mtoto—"

"Mimi nilikuwa na watatu. Yohana wangu sasa ni mwanamume. Tukigombana ananiambia, baba, wewe hata kufunga kifuniko kulikushinda. Mtoto wangu, ananiambia hivyo nyumbani kwangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Sitaki kitu chako. Nataka uje Kihesa, ukae kwangu, useme mbele yao watatu. Basi."

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hili ni la mwezi huu, sina ujana wa kulisingizia. Niliona haya, na haya yangu ikageuka hasira. Nikasimama. Nikamwambia mambo ya kale hayana mwenyewe, na kama alikuja kunitisha katika nyumba yangu, mlango ndio ule. Nilimwonyesha mlango kwa kidevu. Nilipoona kidevu changu kinafanya hivyo, nilijua nilijifunza kwa nani, na bado sikukirudisha.

Chengula akachukua kikapu chake. Akasema, "Hutaki kusema kwa wanangu, sawa. Basi la Dodoma linalala Iringa. Nitakuwa stendi. Nitasema kwa wako."

Wiki hizi tatu nimekuwa nikizunguka kama panya. Nilitafuta lori litakalopita Iringa bila kusimama. Ulipouliza kwa nini upande lori na wenzako wanapanda basi, nilikuambia basi ni bovu. Lilikuwa jipya. Hata nilifikiri kumwandikia polisi mmoja ninayemfahamu kule, amwambie Chengula akae mbali na stendi. Barua hiyo niliianza. Nilikuwa tayari kumfukuza mtu yule yule mara ya tatu.

Kilichonizuia si wema. Jumatano ulikuwa unakunja nguo zako, na mama yako akakuuliza utafanya nini wasichana wa Tabora wakikudharau kwa kuwa unatoka huku mlimani. Ukasema, "Nitangoja, mama. Mimi ninajua kungoja." Ukatabasamu. Nilikuwa mlangoni, na niliona tabasamu langu mwenyewe la nyuma ya pazia.

Sikuambii usilipize. Ningekuwa na uso gani? Bwana Mluzi sijamsamehe, na akiingia hapa kesho sijui mkono wangu utafanya nini. Labda nawe utakutana na wa kwako. Ila mimi, siku ile na kata yangu mkononi, nilimtazama mmoja tu. Sikumtazama aliyekuwa ameizungusha ndoo saa nzima akiniimbia. Hilo ndilo ninalojua, na limenichukua miaka minane kulijua, na bado nililisahau wiki tatu zilizopita.

Mama yako nimemwambia leo baada ya sala ya adhuhuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga aliyokuwa nayo, akasema, "Kwa hiyo Mama Yohana aliacha kunisalimu sokoni kwa ajili hiyo. Na mimi nilimwita mwenye majivuno."

Nimekwenda kwa karani wa mabasi. Utapanda basi, si lori. Nami nimekata tiketi ya mpaka Iringa. Chengula akiwa stendi, atanikuta mimi, na nitakwenda naye Kihesa kwa miguu, na nitawaambia watoto wake maneno yale niliyoyasema jikoni, na nani aliyemimina, na kata ngapi. Baada ya hapo Yohana akinipiga, atanipiga. Chengula akisema haitoshi, nitamwuliza kinachotosha. Ukitaka kuja kusikia, njoo. Una haki kuliko mtu yeyote, maana nilikuwa nikisema yote yale ni kwa ajili yako. Ukitaka kubaki na wenzako mpumzike, baki. Sitakuuliza.

Barua hii nitakupa asubuhi mkononi, kabla hatujapanda. Kiti changu kiko nyuma ya chako. Safari ni ya kutwa nzima, utaisoma na itakwisha kabla hatujafika Chimala. Ukiimaliza, kama hutaki kuniona uso, usigeuke. Tazama mbele tu, nitajua umesoma.

Baba yako,
Hamisi